Nanga ya Kahigi na Harusi ya Jumamosi

Kwenye benchi la kahawa la Muksini, pale Kibeta, ukitua mzigo wako wa moyoni lazima ufunguliwe ukaguliwe. Asubuhi ile mzigo ulikuwa wa mzee Kahigi, mpiga nanga, kile kinanda cha jadi cha nyuzi, aliyehamia mjini kutoka Buganguzi. Binti yake Georgina anaolewa Jumamosi, na ameomba baba apige mwenyewe. Lakini tangu mzee amzike mkewe, miaka mitatu sasa, nanga imetundikwa ukutani. Kila akiishusha, vidole vinagoma. Aliona haya kulisema, akalisema.

— Furaha imenitoka. Nitapigaje wimbo wa harusi kwa mkono wa msiba?

Muksini, ambaye wenzake humwita Kipaza kwa kuwa hajui kunong'ona, alimjazia kikombe.

— Furaha inakaa magotini, mzee wangu. Ndiyo maana aliyefurahi anaruka. Yapashe moto magoti. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha magoti? — aliuliza Buberwa, jina la kijiweni Senene, maana hoja zake zote huishia kwenye senene, wale panzi wa kukaanga. — Furaha ni senene, waitu, ndugu zangu. Hawaitwi. Unawasha taa, unasimamisha mabati, unangoja. Mwaka jana nilingoja wiki nzima, wakatua kwa jirani.

— Sasa hiyo nayo furaha? — aliuliza Kipaza.

— Ya jirani.

Kahigi alicheka kabla hajajizuia, kisha akaona vibaya, kana kwamba amemkosea marehemu. Akauliza, je, furaha ikirudi itakaa?

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, — alisema Senene. — Ikikuzoea, ipeleke kibanjani ikapalilie migomba.

Hapo ubishi ukapamba moto. Kipaza akashikilia kuwa furaha ni ugonjwa wa kuambukiza, ndiyo maana harusini watu hubanwa kwenye turubai moja. Senene akataka ihesabiwe kwenye sensa. Kahigi hakuwasikia tena. Vidole vyake vilikuwa vinagonga ubao wa benchi, taratibu, kisha kwa kasi. Kipaza, huku akibisha, akaanza kuitikia kwa mfuniko wa birika, na Senene akaghani kwa sauti yake mbovu.

Georgina alikuwa anatoka kwa fundi cherehani kujaribu gauni. Alisimama nyuma yao akasikiliza.

— Tata, — alimwambia baba yake, — huo wimbo ni wa nani?

Kahigi akavitazama vidole vyake. Kipaza akamwonyesha mzee kwa mfuniko wa birika. Mzee akainuka, akaacha kahawa nusu kikombe, akashika njia ya nyumbani mbiombio, akaishushe nanga kabla wimbo haujamtoka.