Majina Ambayo Hayatasomwa Leo

Wazee, wachungaji, akina mama, na nyinyi wageni wawili mliokaa nyuma na daftari, familia inawakaribisha nyote.

Daktari Mugendi Njura alizaliwa Gachoka tarehe 4 Machi 1950, mtoto wa tatu wa Mzee Njura na Mama Ciakuthii, akasoma shule ya msingi papo hapo, kisha sekondari kule Kaaga, ambako aliwachosha walimu kwa maswali, hadi akapata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1983.

Alikuwa amemwoa Bi. Ntinyari wa Mitunguu tarehe 16 Agosti 1980, wakajaliwa Sheila na Muriuki.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza wakubwa wanajua nini na mwananchi anaambiwa nini, na mwaka 1994, ukame ulipokaza Mbeere na redio ikisema hakuna mwenye njaa, alionyeshwa faili la serikali yenyewe, lililosema familia elfu nne hazina chakula. Aliyelifungua ni karani Kithinji, na jina hili tunalitaja kwa sababu wanalo tayari.

Kitabu chake juu ya hayo kilitoka Oktoba 1995, na marehemu, kwa desturi ya wasomi, akawashukuru katika ukurasa wa kwanza watu wote waliomsaidia, kila mmoja kwa jina na mahali pa kazi. Ole wetu, hakuna aliyehitaji kupeleleza tena. Kithinji alikamatwa akiwa kazini Februari 1996, na hadi leo mkewe huzunguka vituo vya polisi na chakula, na kurudi nacho nyumbani. Wengine walifutwa kazi, wengine wakahama bila kuaga.

Marehemu naye aliitwa kuhojiwa mara tatu, ya tatu akarudi akitema damu, na hapo tunanyamaza. Alilazwa mwaka mzima wa mwisho, ukurasa ule mkononi, hali wala halali, mpaka adhuhuri ya Jumanne, tarehe 10 Juni 1997. Asubuhi hiyo alimwambia Ntinyari, "Mkinizika, msimshukuru mtu kwa jina."

Basi madaktari, asanteni. Majirani mlioleta maziwa na kuni, asanteni. Wenzake wa kazini, mliokuja na mlioogopa kuja, asanteni, inatuuma kutowataja, lakini mnajijua, na tafadhali asisimame mtu. Wageni wa nyuma wanaweza kufunga daftari.

Baba Sheila, hatujawaongezea hata jina moja. Pumzika kwa amani.