Sekunde Kumi za Mwalimu Subiri

Sogezeni viti, wasikilizaji wapendwa. Aliye jikoni apunguze moto, aliye gereji aweke spana chini kidogo. Leo tunamkumbuka mwalimu wa shule ya msingi. Alifariki wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Jina la kwenye cheti chake wanafunzi wengi hawakulijua. Walimwita Mwalimu Subiri.

Alifundisha kusoma. Darasa la nne, miaka ishirini na mitatu, chumba kile kile cha mwisho, karibu na tangi la maji. Mwanzoni alifundisha kama wenzake wote. Yeye anasoma sentensi, watoto wanairudia kwa sauti moja, na anayepita nje anasema, lo, darasa hili linasoma! Siku moja akatembea hadi nyuma ya darasa. Akakuta safu nzima inasoma kwa nguvu ukurasa ambao hakuna aliyeufungua. Walikuwa wameukariri. Alirudi nyumbani siku hiyo hana hamu ya kula.

Ndipo ukaja ule ushirikiano. Shule yao iliunganishwa na shule ya nchi jirani, na chuo kimoja cha ualimu kikawa kiungo. Lengo lilikuwa watoto waelewe wanachosoma, na wafikiri kabla ya kujibu. Likaja bango kubwa, zikaja fulana, yakaja maboksi manane ya vitabu vya hadithi. Kila mwalimu akapewa mwenzake wa upande wa pili, wawe wanaandikiana kila mwezi darasa limekwendaje.

Mwenzake Mwalimu Subiri alikuwa mama mmoja mwenye mwandiko mdogo sana. Katika barua yake ya kwanza alimwandikia hivi: "Dada, uliza swali moja ambalo jibu lake halimo kitabuni. Usimtaje mtu wa kujibu. Kisha nyamaza sekunde kumi. Utaona zilivyo ndefu."

Sekunde kumi, wasikilizaji. Hizo zikumbukeni.

Kesho yake akajaribu. Hadithi ilikuwa fupi, na sentensi yake ya mwisho ilisema: bibi mwenye duka alifunga mapema siku hiyo. Mwalimu akafunga kitabu. Akauliza, "Kwa nini?" Watoto wakavamia vitabu vyao kutafuta. Hakuna. Wakamtazama. Yeye akaweka mikono nyuma ya mgongo, akaanza kukunja vidole, kimoja kimoja, wasimwone anahesabu. Mmoja akafungua mdomo mapema. "Subiri," akamwambia. Kilipokunjwa kidole cha kumi, msichana mmoja akasema polepole, "Labda hakuna aliyeingia tangu asubuhi. Akachoka kukaa peke yake."

Mwalimu aliliandika jibu lile kwenye daftari. Ndilo la kwanza kati ya mengi.

Ushirikiano ule ulidumu miaka mitatu. Miaka mitatu tu. Kisha ikaja barua fupi yenye mhuri, ikiwashukuru wote. Bango likaenda kufunika mifuko ya saruji. Walimu wakarudi kwenye kuitikiana. Yeye akaendelea kusubiri vidole kumi, kila siku, kila hadithi. Mwalimu mkuu akamwita ofisini. "Mwalimu, mradi si umeisha?"

"Umeisha, Mkuu. Watoto ndio hawajaisha."

Alimwandikia mwenzake barua kumi na moja baada ya hapo. Ya mwisho ilirudi imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba mwenye jina hayupo tena. Amehama? Amefariki? Hakujua hadi mwisho wake. Alikuwa mpweke, wasikilizaji, tuseme wazi. Katika shule ya walimu kumi na wanne hakuwa na wa kumwambia, leo fulani kafikiri, umesikia alichosema?

Aliendelea hivyo miaka tisa, peke yake. Ndipo akaja mkaguzi wa shule.

Mkaguzi alisukuma mlango kidole cha nne kikiwa kimekunjwa. Watoto hamsini, kimya. Mwalimu kasimama kama aliyesahau somo. Mkaguzi akatazama saa. Akasema, "Mwalimu, mbona mmekwama?"

Na Mwalimu, kwa mazoea, bila hata kugeuka, akamjibu, "Subiri."

Cheki hapo, ndugu zangu! Mkaguzi, tena mbele ya watoto! Hakusubiri. Alifungua faili, akaandika maneno matano: Mwalimu hafundishi. Wanafunzi hawajui kujibu. Kisha akatoka. Kidole cha kumi kilipofika, mikono ishirini na tatu ilikuwa juu, na mkaguzi alikuwa tayari anapiga gari lake stati.

Muhula uliofuata alitolewa darasani, akapewa ufunguo wa stoo ya vitabu. Alikaa humo miaka sita hadi kustaafu, kwenye kiti cha mguu mmoja mfupi, akitoa vitabu dirishani. Mwanzoni alimuuliza kila mtoto swali moja kabla ya kumpa kitabu. Foleni ikawa ndefu, walimu wakalalamika. Akaambiwa atoe vitabu tu. Akatoa vitabu tu.

Hakuolewa, hakuzaa. Watu walimuuliza kwa nini, na hakuna aliyesubiri jibu. Baada ya kustaafu aliishi vyumba viwili nyuma ya duka la fundi viatu. Aliyekuwa akimtembelea ni binti wa kaka yake, kila Jumapili. Haya hapa maneno yake, alituambia juzi akiwa amelishika lile daftari:

"Shangazi alikuwa ananisomea majibu ya watoto ambao sasa nao ni wazazi. Mimi nasinzia. Nasema, ndiyo shangazi, ndiyo shangazi, huku natazama saa. Siku moja akaniuliza, hivi unadhani kuna hata mmoja anayekumbuka? Nikamjibu haraka haraka, wapo wengi tu. Akatabasamu. Alijua sikufikiri. Hilo linaniuma mpaka leo."

Swali hilo ndilo lililomkaa Mwalimu moyoni miaka yote ile. Si kile kiti cha stoo, wala yule mkaguzi. Alitaka kujua kama kulibaki chochote.

Mwezi uliopita kifua kilimzidi, akalazwa. Wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na sita, ubavuni mwa ukuta. Kila asubuhi madaktari walipita. "Mama, unaendeleaje? Vizuri eeh?" Kabla hajavuta pumzi ya kujibu, wako kitanda cha kumi na saba.

Asubuhi ya nne akaja muuguzi ambaye hakuwahi kumwona. Akauliza, "Mama, kinachokusumbua zaidi ni nini?" Kisha akanyamaza. Hakuandika, hakutazama mlango. Alisimama tu, mikono nyuma ya mgongo.

Binti wa kaka yake alikuwa upande wa pili wa kitanda, na kutoka pale aliiona mikono ile. Muuguzi alikuwa anakunja vidole. Kimoja kimoja.

Mgonjwa hakuviona vidole. Lakini kimya kile alikifahamu. Akakiacha kiende hadi mwisho, macho yakamjaa machozi. Ndipo akauliza, "Ulikaa dawati gani?"

"La nyuma kabisa, Mwalimu, dirishani. Ulipofika katikati ya madawati, vidole vyako niliviona. Huwezi kunikumbuka. Sikuwahi kujibu hata siku moja." Muuguzi akaitoa mikono nyuma ya mgongo. "Lakini kila siku ulinisubiri."

Mwalimu alimshika mkono, hakuuachia kwa muda mrefu. Alifariki siku tisa baadaye. Tangu asubuhi ile, anasema binti yule, hakuomba tena daftari lake.

Pole nyingi ziwafikie binti huyo, kaka wa marehemu, jirani fundi viatu aliyefunga kazi siku tatu, na muuguzi wa wodi ya wanawake. Pole pia kwa yule mama wa mwandiko mdogo, kama bado yuko mahali na anatusikia. Dada, mwenzako aliendelea.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mtazameni mtu mmoja nyumbani kwenu ambaye huwa mnamuuliza jambo na kuondoka kabla hajajibu.

Redioni kimya ni kosa. Kikizidi sekunde tatu, fundi mitambo wetu hukimbia na chai mkononi. Leo tumemwomba akae. Swali ni lile lile, jibu halimo kitabuni, na hatumtaji mtu. Bibi mwenye duka alifunga mapema siku hiyo. Kwa nini?

Subiri.