Zoezi la Ukurasa wa Arobaini na Saba

Benchi la nje ya kibanda cha Kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja. Mwalimu mstaafu hukalishwa upande usioyumba, maana ndiye pekee kijiweni aliyeandika kitabu, na miaka thelathini vijana wamejifunzia kompyuta humo. Leo kahawa ilikuwa inampoea mkononi. Mchapishaji alimwandikia kwamba toleo la nne linaingia mtamboni kesho, na kuna mwanafunzi anadai zoezi la ukurasa wa arobaini na saba haliishi. Mwalimu aliwasomea barua hiyo akiomba moyoni wamtetee.

— Hebu lisome zoezi lenyewe, alisema Kinyozi.

— Anza na kumi. Toa mbili. Rudia mpaka upate moja.

— Mbona jepesi? Kompyuta za siku hizi zimedekezwa. Za zamani zilikuwa zinafika.

— Wala, alisema Soli, fundi viatu, aliyewahi kusomeshwa na Mwalimu. Huo ni mtego wa wanaonakili vitabu vya watu.

— Au walipobadilisha mtaala, alisema Kinyozi, moja waliisogeza. Serikali haishindwi kitu.

Mwalimu alianza kupumua. Ndipo mpwa wa Kinyozi, aliyekuja likizo jana, akainua kichwa.

— Shikamoo, Mwalimu. Samahani, wewe ulipolijaribu, lilifika?

Mwalimu hakulijaribu. Mwaka ule kompyuta ya shule ilifungiwa kwa mkuu, imefunikwa kitambaa, haiguswi. Yeye alimsimamisha mwanafunzi mbele, akamwita kompyuta, darasa likampa amri.

Soli aliweka kiatu chini.

— Siku ya zoezi hilo, Mwalimu, kompyuta nilikuwa mimi.

— Nakumbuka.

— Nilihesabu mpaka kengele ikalia. Nilishapita sifuri, niko hasi themanini huko. Ukanipa sifuri, ukasema nina kichwa kigumu. Muhula uliofuata nikashika sindano.

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma Mwalimu. Alitoa kalamu nyekundu, akaandika chini ya barua: kosa ni langu, lirekebishwe. Kisha akasita.

— Wanataka na jina la aliyeligundua kwanza, waliweke kwenye shukrani. Niandike nani?

Soli aliokota kiatu, akakipuliza vumbi.

— Andika Kompyuta.