Mwalimu Valerian Mageni, Aliyerudi Mlangoni mwa Duara

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutushika mkono hapa Kambarage, familia imenituma mimi Theonest, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, nami naomba mnivumilie pale sauti itakapogoma.

Mwalimu Valerian Mageni alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Ushirombo, mtoto wa pili wa mzee Mageni na mama Suzana, wote wametangulia mbele za haki, akabatizwa misheni mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi hapohapo Ushirombo kuanzia mwaka 1967, akaendelea na sekondari mjini Tabora, kisha akaenda chuo cha ualimu Mwanza, akahitimu mwaka 1982 na kupangiwa kufundisha fizikia hapa Shinyanga, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2019.

Waliosoma kwake wanaukumbuka ule ubao aliouegemeza kwenye meza, tofali lililofungwa kamba, na mizani ya springi ya kupimia nguvu ya kuvuta, maana hakumruhusu mwanafunzi kuandika neno kabla hajavuta kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa akisema, "Usiniambie kitabu kinasemaje, niambie kamba inakwambia nini," na mwanafunzi akikosea alicheka naye, hakumcheka.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa takatifu na Martina, Mama Enock, ambaye yupo mbele yetu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Enock, Noela na Rhoda. Enock hakuupenda ualimu, alikwenda Geita kwenye machimbo madogo, akapata duara lake, yaani shimo la dhahabu, lililoshuka kwa mteremko mkali, na kwa miaka mingi baba yake alimwombea bila kukanyaga huko.

Februari 2021 alikwenda. Alikuta sanduku la bati lenye mawe likiburuzwa juu ya mbao kwa kamba ya manila na winchi ya mkono, vijana wanahema, kamba inalia, naye, kwa huruma na kwa ile furaha ya mwalimu aliyepewa ubao tena, akawaambia wamwage oili chafu kwenye mbao, kwa kuwa msuguano ndio unaowachosha wao na kamba. Wakamwaga, sanduku likapanda kama linasukumwa na malaika, Cornel, msimamizi wa duara, akampigia saluti, na Enock akampeleka baba yake nyumbani kula, kifua mbele.

Wakiwa mezani Mwalimu akauliza vijana wakichoka wanapumzikaje, Enock akamjibu kwamba wanaifunga kamba kwenye nguzo, wanawasha sigara, sanduku linakaa lenyewe katikati ya mteremko. Mwalimu akarudisha tonge kwenye sahani. Aliona alilolisahau, na ndilo alilolifundisha maisha yake yote, kwamba mzigo unapopanda msuguano unaielemea kamba, lakini mzigo unapotulia msuguano huohuo unasaidiana na kamba kuushikilia, na yeye alikuwa ameuondoa huo msaada, akaiachia kazi yote kamba kuukuu, iliyolika pale inapofungwa nguzoni, huku watu wakichimba chini ya sanduku.

Alipanda bodaboda bila kunawa, Enock akamfuata, na alipofika akasimama mlangoni mwa duara akitaka watu wote watoke.

Cornel akamcheka mbele ya wenzake, "Mwalimu, asubuhi msuguano adui, mchana umekuwa shemeji?"

Vijana wakaangua kicheko, mmoja akasema mzee amerudi kudai oili yake, na Enock akamsogelea baba yake akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, unaniaibisha kwa watu wangu."

"Nimekosea, ng'wanone," Mwalimu akamwambia, kwa Kisukuma chetu, yaani mwanangu. "Kosa ni langu, na aibu nitaibeba mimi. Watoe kwanza."

Enock alimtazama, kisha akamgeukia Cornel akamwambia awatoe. Wakapanda kwa ngazi ya pembeni, wakinung'unika kwa kupoteza mchana. Alipotoka wa mwisho, Cornel, ili kumwonyesha mzee kuwa hana sababu, akawaambia wenzake wavute sanduku lililojaa hadi katikati, wafunge kamba kwenye nguzo kama kawaida. Kamba ikakatika pale kwenye fundo. Sanduku likashuka mpaka chini, likavunja nguzo za pale wachimbaji walipokuwa wamesimama, na hakuna aliyecheka tena.

Vijana walipotaka kumbeba Mwalimu juujuu alikataa, akakaa chini akalia. Baada ya siku hiyo Enock alinunua waya wa chuma, mbao zikamwagiwa mchanga, na mara nyingi alimpigia baba yake simu kumuuliza jambo kabla ya kulifanya.

Mwaka 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa Hospitali ya Kolandoto, na hapo, tarehe 9 Juni 2025, baada ya kupokea Mpako wa Wagonjwa, aliitwa na Muumba wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kolandoto, Baba Paroko na jumuiya, majirani wa Kambarage, walimu wenzake, na ninyi vijana wa Geita mliofunga kazi mkaja na Cornel, wabeja sana, asanteni. Tunajua mlitaka isomwe hapa kwamba Mwalimu aliwaokoa. Yeye alituagiza kitandani tusiseme hivyo. Alisema tusome kwamba aliwatia hatarini, kwamba alirudi, na kwamba mwanawe alimsikiliza.

Tumesoma kama ulivyoagiza, kaka. Bwana akupokee, upumzike kwa amani.