Mashemeji Wawili, Kipaza Sauti Kimoja

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Polepole, mpiga gitaa na mwimbaji, aliyetutoka juma lililopita. Polepole alikuwa nusu ya Mashemeji, wale wawili waliokuwa wakiimba roki laini. Nusu ya pili ni Ndevu, kaka wa mke wake.

Na roki yao ilikuwa laini kwelikweli. Wimbo mmoja ukipigwa redioni, mtoto wa nyumba ya tatu ananyamaza, na baba yake anasinzia ngazini, mguu mmoja hewani. Anayebisha akamuulize huyo baba.

Basi upepo ukageuka. Vijana wakataka muziki wa kutikisa madirisha. Kumbi zikabaki na viti vitupu. Kampuni iliyotoa nyimbo zao ikawaambia warekodi albamu moja ya mwisho, isiposikilizwa, kwaherini. Ndevu naye akasema wazi: ikiharibika, yeye anarudi kuuza viatu, na Mashemeji ndiyo basi tena.

"Umaarufu uende zake," Polepole alimwambia mkewe. "Lakini kuimba bila shemeji mimi sikujui."

Studioni, fundi mitambo akawatenganisha. Mmoja chumba hiki, mwenzake chumba kile, ukuta katikati. Ndiyo usasa, alisema. Kumbe hawa wawili waliimba wakitazamana tangu mwanzo, kipaza sauti kimoja. Polepole alijua pa kuingia kwa kuangalia bega la Ndevu likipanda. Sasa bega halionekani! Kila mmoja akamngoja mwenzake. Nyimbo zikarefuka, zikapoa kama chai iliyosahauliwa mezani.

"Tumezeeka, shemeji," Ndevu akasema, akivaa koti.

Mke wa Polepole, ambaye ni mjane leo, alikuwa amekaa pale kwa fundi akisikiliza. Anakumbuka: "Nilicheka mpaka machozi. Nikawaambia, mnaimba kama wageni mlangoni: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe!"

Polepole akainuka. Akaburuta kiti chake korido nzima, kikilia kama mbuzi, hadi chumbani kwa Ndevu.

"Mzee, sauti zitachanganyika!" fundi akapiga kelele.

"Zimechanganyika tangu nilipooa kwao! Vua koti, shemeji. Mara moja tu. Ukichoka, viatu nitakubebea mwenyewe hadi dukani."

Ndevu akacheka. Akavua koti. Wakatazamana, na albamu nzima wakairudia hivyo.

Wasikilizaji wapendwa, nisiwadanganye kupita kawaida yangu: albamu haikuuzika. Walionunua ni ndugu, na majirani walioogopa kuulizwa kama wamenunua. Kampuni ikawaaga. Lakini Ndevu hakukanyaga dukani. Waliimba kwenye kumbi ndogo na harusi za watu, wawili vilevile, hadi mwezi uliopita.

Ndevu amekuja hapa asubuhi hii. Nikamuuliza, tupige ule wimbo wenu mkubwa? Akatikisa kichwa.

"Piga wa albamu iliyododa. Ule mkubwa ulitupa jina. Huu ulinibakishia shemeji." Akaongeza: "Jumamosi naanza mazoezi na mpwa wangu. Sauti ya baba yake anayo. Haraka yake ndiyo sijui kaitoa wapi."

Kwa mjane, kwa watoto, kwa Ndevu: poleni sana. Machozi yenu ni yetu pia. Nawe unayenisikiliza, mfikirie yule mliyeanza naye kitu kikapoa. Mpigie simu leo, hata kama ni kumtania tu.

Ndevu ananionyesha kwa kidole: punguza maneno, weka wimbo. Haya, shemeji. Nimesikia.