Orrin Stadler na Neno Nililolikata

Ndugu waombolezaji, mimi ni Glenda, dada wa marehemu, na historia hii iliandikwa na familia yote mezani, jana nikaipitia nikiwa na kalamu mkononi, nikakata neno moja, na nikilifikia nitawaambia sababu.

Orrin Stadler alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapa Harlow Creek, Missouri, akiwa wa pili kati yetu wawili, akamaliza sekondari Mei 1979, na tangu 1980 hadi 2003 alikuwa fundi wa nyaya za umeme, kazi iliyomfundisha kutogusa kitu kabla ya kukiona. Tarehe 14 Juni 1986 alimuoa Darlene, wakajaliwa mtoto mmoja, Joanna, aliyeolewa na Kirby, yule aliyeketi pale mbele, na wana watoto wawili, wa miaka sita na minne.

Mwaka 2004 alianza kufundisha bastola kwenye uwanja wetu wa shabaha, na wengi wenu mliopita mikononi mwake mnajua alivyokuwa msumbufu kuhusu taa za kupachika chini ya mtutu, alitaka uchague yenye swichi inayofikiwa na gumba la mkono wa kushoto, kidole cha kufyatulia kisihusike kabisa, na alimrudisha nyumbani yeyote aliyekuja bila tochi ya mfukoni, hata mchungaji wetu, kwa sababu ukimmulika mtu kwa taa ya bastola umeshamwelekezea mtutu.

Krismasi iliyopita Kirby alituonyesha taa yake mpya ya bastola, Orrin akamwambia, "Mwanangu, hiyo umeshanunua, haya, kanunue na tochi," naye akajibu, "Mzee, nyie mnabeba tochi kama walinzi wa bohari, dunia imeshawaacha!" Tulicheka sote, na mimi nilicheka, najilaumu mpaka leo.

Jumapili tarehe 14 Aprili 2024, saa tisa alasiri, dhoruba ilikata umeme, Orrin akaingia chumba cha chini cha nyumba ya Kirby kwa mlango wa nje, kutazama pampu ya maji, kama alivyofanya kila mvua kubwa iliponyesha. Kirby akasikia vishindo, akashuka na bastola, hakuuliza nani yuko hapo, akatafuta swichi kwa kidole kile kile cha kufyatulia, taa ikawaka na risasi ikatoka, ikampata Orrin. Aliwaambia polisi, "Nilikuwa nawasha taa tu."

Marehemu alipasuliwa hospitalini mara mbili, na asubuhi ya tarehe 16 alinishika mkono akasema, "Glenda, msimwambie yule kijana ni ajali. Mkimwambia hivyo atairudisha bastola kabatini, na wajukuu zangu wanalala nyumba hiyo hiyo." Alifariki tarehe 17, saa kumi na moja alfajiri. Neno nililolikata ni hilo, ajali, na nina hasira na kila mwanamume aliyempigapiga Kirby begani wiki hii akimwambia, "Pole kaka, ingemkuta yeyote." Isingemkuta yeyote. Ilimkuta aliyeambiwa akakataa kusikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakulala, majirani waliotuletea viazi vya kuoka na nyama hadi jokofu likakataa kufungwa, na walimu wenzake wa uwanjani waliosimama nje kwenye mvua tangu asubuhi.

Kirby, jana nilikusikia ukimwuliza polisi bastola yako itarudishwa lini. Umeomba kubeba jeneza, mimi nilikataa, Darlene akakubali, na neno la mjane ndilo linalosimama. Basi njoo ubebe, lakini kabla hujashika mshikio, waambie watu hawa, kwa sauti, Joanna na watoto wakisikia, kwamba hutakwenda kuichukua.

Orrin, mdogo wangu, pumzika kwa amani. Hatukuinui mpaka ajibu.