Mugomba Mumoja ku Bwasa

Mukaribie hapa ku kitanda, batoto bangu. Constance, funga radio. Polycarpe, weka telefone chini, yule munuzi wa shamba, wa Luhwindja, atangoja. Nimesikia yenye munasemea jikoni: Mama Godelive atoke ku shamba letu, sababu amepanda mugomba, na sheria ya bwasa, ya shamba la kuazima, inakataza. Sheria munaijua, ni vizuri. Lakini kuko mambo yenye hamujue, na mimi sina pumzi ya kuyasema mara mbili.

Babu yenu ndiye alitoa ngombe kwa mwami, mufalme wetu, akapata huu mulima kwa kalinzi, ni kusema malipo ya ardhi yenye haimutoke mutu wala jamaa yake. Wakati ule huku kulikuwa maharagi na ukungu tu, na batu ba Bukavu balikuwa banasema tunaishi mu pori. Kisha barabara ya Walungu ikapanuliwa, bafundi bakajenga manyumba ya mbao kule chini, misioni ikaleta kanisa na robine ya maji. Vita ya kwanza ikafika, batu bakapanda na magodoro ku kichwa. Vita ya pili ikafika, bakapanda bila magodoro. Bote balikuja hapa mulangoni kuomba bwasa, na mimi nilibapatia namna tulifundishwa: ulime maharagi, ulime viazi, ujenge kanyumba, lakini mugomba usipande, kwani mwenye kupanda mugomba amesema hatatoka tena. Ndiyo maana ukiwa barabarani unaona mulima mutupu, na migomba iko nyuma ya nyumba yetu peke yake. Bakonvwayeri, bale ba kukusanya nauli mu taxibus, bakaanza kuita "Bwasa, Bwasa", na serikali ikaja kuandika jina lingine ku kibao cha barabarani, lenye hakuna mutu analitumia. Karitiye, huu mutaa muzima, na manyumba yake ya masomo na soko yake, jina lake ni kuazima. Zamani hiyo ilikuwa inanichekesha. Sasa sicheke wala sikasirike; roho imekufa ganzi, kama muguu wenye mutu ameukalia.

Mwezi ule basoda baliteka Bukavu, wewe Constance ulikimbilia Walungu na batoto, nawe Polycarpe ofisi yako ilikupeleka Bujumbura. Mulifanya vizuri, silaumu mutu. Mimi miguu ilikataa, na ndugu yenu Jean-Claude akakataa kuniacha. Alishuka asubuhi kuchota maji ku robine, risasi ikamupata pale. Ya nani, hatujue. Nyinyi mulirudi mukakuta kaburi, mukalia, mukasali. Hamukuuliza nani alimuzika, na mimi sikusema, sababu maneno hayakuwa yanatoka.

Padri hakuweza kupita, njia ya makaburi ilifungwa, na hapa kwetu udongo ni mufupi, chini yake ni mawe matupu. Mama Godelive na bamama bawili ba jirani ndio balimubeba toka robine, risasi zingali zinalia. Nikaanza kumuomba Mama Godelive ruhusa ya kuzika pale analima, akanikata maneno.

"Papa, musiombe. Huyu ni mutoto wetu bote. Mimi mwenyewe nitamuosha."

Alimuosha. Akatoa kitenge chake cha kwenda misa, kile tu alibaki nacho tangu alikimbia kwao, akamufunga nacho. Mimi nilikuwa nimekaa ku kibao, naangalia maharagi. Sikulia. Hata leo sijalia, na hiyo inaniogopesha kupita kufa.

Kisha nikamwambia aende nyuma ya nyumba yetu, achague muche wa mugomba, aupande pale ku kichwa cha Jean-Claude. Alikataa, aliogopa nyinyi. Nikasema: "Panda. Kalinzi yako nimeipokea, ni kile kitenge." Chef wa avenye, mukubwa wa njia yetu, alikuwa pale, alisikia. Basi shamba lile hamutaliuza. Si kwamba nakataza tu. Si letu tena.

Nyumba hii ni ya Constance, na migomba ya nyuma. Shamba la juu ni la Polycarpe. Bale bengine ba bwasa, mubaache balime mpaka vita iishe kweli, halafu muzungumuze nao kwa heshima, si kwa barua ya avoka, ya wakili.

Mimi munizike kando ya Jean-Claude. Lakini mbele ya kuchimba, muende kwa Mama Godelive nyinyi bawili, musitume mutu. Mupige hodi, mungoje inje, mumuombe pahali pa kulaza baba yenu. Akikubali, mumushukuru. Akikataa, munitafutie pengine, na musimuchukie.

Mukaribie tena, sauti inaisha. Mungu awachunge... aweke amani kati yenu na batu ba huu mulima... Constance, unanishika mukono? Siusikie. Polycarpe, na wewe... Mubarikiwe, batoto bangu. Lakini musingoje nife. Muende sasa, mumuombe... nataka kusikia jibu lake.